Mwaka Nilioogopa Karatasi

Mwezi uliopita nilikuwa Vwawa kwenye sherehe ya kumuaga Neema, binti wa Dada Tusekile, aliyekuwa anaolewa. Niliketishwa meza ya mama wadogo, maana hivyo ndivyo ninavyohesabiwa katika nyumba ile ingawa hatuna damu moja, na tulikuwa bado tunasubiri chakula wakati mama mmoja jirani yangu alipoanza kuwasimulia wenzake habari za mwanawe wa kidato cha nne. Mtoto hali, alisema. Wiki ya mitihani chakula hakishuki kooni, usingizi hauji. "Darasani ni wa kwanza au wa pili, lakini karatasi ikiwekwa mbele yake anakuwa kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Baba yake anasema ni uvivu tu." Mwenzake akamshauri ampeleke kwenye maombi. Mwingine akasema watoto wa siku hizi wameharibiwa na simu. Upande wa pili wa ukumbi Dada Tusekile, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mwenye kitenge kipya na miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani, alikuwa anapokea wageni kwa mikono miwili, na nilipomtazama nikajikuta nimerudi Mpemba, karibu na Tunduma, katika chumba tulichokaa pamoja mwaka ambao nilikuwa na miaka kumi na minane.

Kilikuwa chumba cha kupanga, kimoja cha vile ambavyo wanafunzi tuliviita mageto. Shule yetu ilikuwa ya kutwa na nyumbani kwetu ni Ndalambo, mbali mno kwenda na kurudi, hivyo wengi wetu tuliishi wenyewe wenyewe karibu na shule, tukijipikia na kujifulia. Ukuta ulikuwa wa matofali ya kuchoma yasiyopigwa lipu, na juu yake nilibandika kanuni za hesabu na za fizikia kwa uji mzito wa sembe, kwa sababu gundi sikuwa nayo. Panya walikula baadhi ya kanuni. Dirisha lilitazama barabara kuu, na barabarani malori yalipanga foleni ya kuvuka mpaka kwenda Zambia, mengine siku tatu, mengine wiki, hata ikawa tunawajua madereva kwa majina. Kulikuwa na baridi na vumbi, na harufu ya dizeli iliingia hadi kwenye maharage. Mwezi wa kwanza mwenye nyumba alikuja akaniambia nitapata mwenzangu, na jioni yake akaingia mwanamke mwenye jiko la mkaa, ubao wa kusukumia chapati na boksi la vitabu.

"Mimi ni mwanafunzi mwenzako, mdogo wangu," alisema akilitua boksi. Nilidhani ananitania. Alikuwa na miaka ishirini na minne na mtoto wa kike wa miaka miwili aliyemwacha kwa mama yake Iyula. Alikuwa amefanya mtihani wa kidato cha nne mara mbili na mara zote mbili amefeli, na sasa alijiandikisha mara ya tatu kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aliniambia hayo yote kabla hajatandika kitanda, kwa sauti ileile ambayo mtu angesema ametoka sokoni. Mimi, ambaye kwangu kufeli kulikuwa kitu kisichotamkwa, nilimwonea haya kwa niaba yake.

Asubuhi alikaanga chapati chini ya dirisha letu na kuwauzia madereva chai. Wazambia walimsalimu kwa Kibemba, "Mulishani, mukwai?" naye akajibu "Bwino" kwa lafudhi iliyowafanya wacheke. Kitabu cha baiolojia kilikuwa daima karibu na unga, kurasa zake zina alama za vidole vya mafuta, na kati ya mteja mmoja na mwingine aliinama akasoma mistari miwili. Nilipokuwa nikijiandaa kwenda shule nilisikia dereva mmoja mzee, mtu wa Tanga, akimshikia kitabu na kumuuliza maswali. "Haya, kazi ya ini ni nini? Taja tatu." Tusekile alitaja mbili, akageuza chapati, akataja ya tatu. Dereva akasema, "Ya tatu umechelewa, lakini kwa kuwa chapati ni ya moto nakupa maksi."

Shuleni mambo yangu yalikuwa tofauti. Shule yetu ilikuwa haijawahi kupata hata daraja la kwanza moja, na Mwalimu Nzunda, aliyetufundisha hesabu na kusimamia taaluma, alikuwa ameamua kwamba mwaka huo nitalileta mimi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwembamba, mwenye koti moja la kahawia, na alitusahihishia madaftari hata Jumapili. Lakini alinisimamisha mbele ya shule nzima kwenye paredi akasema, "Mtazameni Nambeye. Huyu ndiye atakayetufungulia mlango." Tangu siku hiyo sikupumua sawasawa. Wadogo wa kidato cha kwanza walinipisha njiani. Walimu waliniita ofisini kunipa chai, na mpishi wa shule aliponipakulia makande aliongeza kijiko akisema, "Kula, wewe ndiye heshima yetu." Nilikuwa nimezoea kupenda hesabu kama wengine wanavyopenda kucheza mpira. Kufikia mwezi wa tano nilikuwa nikiona karatasi ya jaribio la wiki viganja vinalowa, na namba ninazozijua tangu darasa la tano zinakuwa kama nimeziona kwa mara ya kwanza. Sikumwambia mtu. Nilidhani dawa ni kusoma zaidi, nikasoma zaidi, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuogopa, kwa sababu sasa nilikuwa na mengi zaidi ya kusahau.

Kisha ukaja mtihani wa majaribio wa mwezi wa saba, ambao kwetu tuliuita moko. Siku ya hesabu baridi ilikuwa kali na wasimamizi walikuwa walimu wa kutoka shule nyingine. Niliandika namba yangu, nikasoma swali la kwanza, nikalisoma tena. Lilikuwa swali la kutafuta thamani ya x, jambo ambalo ningeweza kulifanya nikiwa nasonga ugali. Sikuliona. Niliona herufi. Tumbo likanivuruga, nikaomba ruhusa ya kwenda chooni, nikarudi. Baada ya dakika kumi nikaomba tena. Nilipoomba mara ya tatu msimamizi, mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu, akaniambia nifungue mikono. Jasho lilikuwa limeyeyusha wino wa majibu niliyokuwa nimejaribu kuyaandika na kuyafuta kwa kiganja, na mkono wangu wote wa kulia ulikuwa na michirizi ya buluu, hapa kama namba, pale kama herufi.

"Hii ni nini?"

"Ni jasho, mwalimu."

"Jasho la buluu?" Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichonimaliza.

Nilipelekwa ofisini. Mwalimu wa kike alinipekua soksi na sare, akakuta kitambaa cha mkononi basi. Mwalimu Nzunda alikuwa amesimama karibu na kabati la mafaili. Nilimtazama nikitegemea atasema neno, kwamba ananifahamu miaka minne, kwamba mimi siibii. Aliangalia sakafu. Niliporudishwa kwenye chumba cha mtihani zilikuwa zimebaki dakika ishirini, nikazimaliza nikitazama mgongo wa msichana aliyekaa mbele yangu. Matokeo yalisomwa paredini, jina kwa jina, na jina langu lilipofuatwa na F ya hesabu nilisikia nyuma yangu mtu ananong'ona, "Kumbe siku zote alikuwa anaangalizia."

Siku nne sikwenda shule. Nililala nimegeukia ukuta wenye kanuni zilizotafunwa na panya, nikimsikiliza Tusekile na wateja wake dirishani. Leo nafanya kazi ya maabara hospitalini, na kila siku natoa damu kwa watu wanaotetemeka, kwa hiyo najua vizuri kilichokuwa kinanipata: moyo unakimbia, mwili unajiandaa kukimbia chui, na chui mwenyewe ni karatasi. Wakati ule hakuna aliyenipa maelezo hayo. Shangazi yangu wa Tunduma alikuja akasema nimechezewa na wenye wivu, niende nikaombewe. Rafiki mmoja akasema labda ni malaria. Tusekile peke yake hakutoa jina la ugonjwa wangu. Alinikorogea uji wa ulezi, akauweka kwenye kigoda karibu na kichwa changu, akaondoka. Mchana akarudi na ugali na matembele. Nikila, sawa, nisipokula, alifunika sahani bila kunung'unika.

Siku ya tano aliketi ukingoni mwa kitanda na daftari. "Nambeye, logariti zimenishinda. Nifundishe."

"Mimi nimepata F, dada."

"Sikuulizi umepata nini. Nakuuliza hii mbili imetoka wapi."

Nikamwonyesha ile mbili imetoka wapi. Tulifanya maswali matano, na kwenye la sita nikaanza kulia, nikamwambia yote, tangu paredi hadi jasho la buluu. Alisikiliza amekunja miguu, unga umekaukia viwikoni. Nilipomaliza hakusema pole. Alisema, "Mimi mtihani huu umenishinda mara mbili. Nitazame. Nakula, nalala, mwanangu ananiita mama, wateja wananijua kwa jina. Wewe unaogopa kitu ambacho mimi nimeshakipitia, tena mara mbili, na kipo upande wa huku ninakokaa mimi. Ukianguka utanikuta." Kisha akaongeza, sasa akiwa amekasirika, "Lakini huyo mwalimu wako nitamwona."

Nilimsihi asiende. Kesho yake baada ya kuuza chapati alivua aproni, akavaa gauni lake la kanisani, tukaongozana. Nilibaki kwenye benchi nje ya ofisi ya taaluma, dirisha liko wazi, na nilisikia kila neno.

"Wewe ni nani wake?" Mwalimu Nzunda aliuliza.

"Ni dada yake. Tunakaa chumba kimoja."

"Basi mwambie arudi darasani. Mtihani wa taifa uko karibu. Shule nzima inamtegemea."

"Hapo ndipo shida ilipo, mwalimu. Mmempa shule nzima aibebe. Walimu, wanafunzi, mpishi, wote mmempandia mabegani, halafu alipoyumba mkasema mwizi."

"Mimi sikusema mwizi."

"Ulisema nini?"

Nikasikia lori likipiga honi huko barabarani, na kiti kikisukumwa. Mwalimu Nzunda akatoka nje, akasimama mbele ya benchi langu, nami nikainuka kwa adabu. Akaniambia niketi. Halafu akaketi na yeye, kando yangu, jambo ambalo sikuwahi kuona mwalimu akilifanya.

"Nambeye, siku ile nilijua hukuiba," alisema. "Nilinyamaza kwa sababu ya wageni. Niliogopa shule itasemwa. Nilikosa. Unisamehe."

Sikujua mwanafunzi anamjibuje mwalimu anayeomba msamaha. Nilisema, "Asante, mwalimu," naye akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa zaidi ya alichostahili. Jumatatu iliyofuata aliwaambia wanafunzi paredini kwamba nilipekuliwa nikakutwa sina kitu, na kwamba anayenisema vingine aje ofisini kwake. Hakutaja tena habari ya mlango. Aliniruhusu kukaa wakati wa mapumziko katika chumba kitakachofanyiwa mtihani, nitafune karanga na kusoma chochote nitakacho, hata barua. "Zoea viti," alisema. "Zoea ukuta. Mimi sitakuuliza umepata ngapi. Ukimaliza mtihani utanihadithia maswali yalikuwaje, basi."

Mchana tulihamia meza ya chapati. Wateja wakipungua, Tusekile aliifuta, akanipa karatasi ya mtihani wa miaka ya nyuma, akavaa uso wa msimamizi. "Hakuna kugeuka! Hakuna kunong'ona! Zimebaki dakika kumi!" Dakika zilikuwa zimebaki arobaini, alisema vile kunishtua tu. Yule dereva wa Tanga, aliyekuwa amerudi safari nyingine, alipewa kazi ya kupita nyuma yangu akikohoa. Mwanzoni nilishtuka kweli, kalamu ikaniponyoka, wakacheka nami nikacheka, na sijui ni siku ya ngapi niligundua kwamba nimemaliza swali zima bila kumsikia akikohoa. Tuligundua pia mambo madogo madogo. Nikisoma maswali yote kwanza, kalamu ikiwa mezani, moyo unapoa. Nikianza na swali ninalolijua, hata kama ni la tisa, lile la kwanza linajifungua baadaye. Na Tusekile alichana kipande cha kanga kuukuu akakizungusha kwenye kalamu yangu ili jasho likauke humo lisifike kwenye karatasi. Halafu tulibadilishana, yeye akafanya, mimi nikasimamia, na nilikuwa msimamizi mkali kuliko yeye.

Mtihani wa taifa ulianza mvua za kwanza zilipokuwa zinanyesha. Watahiniwa wa kujitegemea walifanyia shuleni kwetu, chumba cha mwisho kwenye safu ileile tuliyofanyia sisi. Siku ya hesabu Tusekile aliamka mapema, akanipikia viazi na chai, akahakikisha nimemaliza sahani. Tulitembea pamoja hadi getini akinisemesha mambo ya kawaida. Wenzangu walipoanza kupanga mstari niligeuka kumuaga, sikumwona. Nilimkuta nyuma ya ofisi, kwenye bomba la maji, ameshika ukuta kwa mkono mmoja. Alikuwa ametapika. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Nenda, mdogo wangu. Utachelewa."

"Na wewe?"

"Mimi siingii." Aliniambia, akiwa bado hajanitazama, kwamba ile mara ya pili hakufeli kwa kukosa majibu. Aliinuka kwenye kiti chake nusu saa baada ya kuanza, siku hiihii ya hesabu, akatoka nje akaenda kwao. "Sikukwambia. Nilitaka uone mtu asiyeogopa."

Miezi yote ile nilidhani naazima ujasiri kwa mtu aliyekuwa nao wa kutosha. Kumbe alikuwa ananipa akiba yake. Nilifungua bomba, nikamnawisha uso kama ningemnawisha mtoto, nikafuta mikono yake kwa sketi yangu. Ilikuwa imelowa kama yangu.

"Dada, ukikaa kiti chako usiandike kitu. Weka kalamu mezani. Soma yote."

"Nikisoma yote nikakuta sijui?"

"Utalikuta la logariti. Kila mwaka lipo. Logariti unazijua."

"Nazijua," alisema polepole.

"Hii mbili imetoka wapi?"

Akacheka, cheko dogo la pumzi moja, akanyoosha gauni lake. Tulitembea tukiwa tumeshikana mikono hadi pale njia zetu zilipoachana, na nilimtazama mpaka alipopita mlango wake. Kengele ikalia. Ndipo nilipogundua kwamba kwa dakika zile zote nilikuwa nimesahau kujiogopea.

Hofu ilinikuta ndani, sitadanganya. Ilikuja wakati karatasi zinagawanywa, na mara moja niliomba kwenda chooni, msimamizi wa kike akanisindikiza bila maneno. Nilirudi nikaanza na swali la tisa. Maswali mawili yalinishinda kabisa, moja nililiachia njiani. Lakini yaliyobaki niliyafanya kwa mkono wangu, na zilipobaki dakika kumi za kweli nilikuwa bado naandika. Nilipotoka, Mwalimu Nzunda alikuwa amesimama kwenye varanda. Nilimhadithia maswali yalikuwaje, moja baada ya jingine, naye akasikiliza kama mtu anayesimuliwa safari. Tusekile alitoka wa mwisho katika chumba chake. Alikuwa amechoka, nywele zimefumuka, na alisema jambo moja tu: "Nimekaa mpaka mwisho."

Matokeo yalibandikwa kwenye ubao wa ofisi mwaka uliofuata. Nilipata daraja la pili, na hesabu C. Shule haikupata daraja la kwanza mwaka ule. Ililipata miaka miwili baadaye, kwa mvulana aliyekuwa akikaa nyuma ya darasa bila kutazamwa na mtu. Tusekile alipata daraja la tatu. Alisoma namba yake, akaisoma tena akifuata mstari kwa ukucha, kisha akamwomba Mwalimu Nzunda amsomee yeye, asije akawa ameruka mstari. Mwalimu akamsomea kwa sauti, taratibu, somo kwa somo. Mwisho wa wiki Tusekile alikwenda Iyula kumchukua Neema akae naye siku chache kabla hajaenda chuo cha ualimu, na kile chumba cha Mpemba tukakikabidhi.

Mimi nilichaguliwa kwenda kidato cha tano Iringa, shule ya bweni ambako sikumjua mtu. Wiki ya tatu tukatangaziwa jaribio la kemia. Asubuhi hiyo viganja vyangu vililowa kama kawaida, nikazungushia kalamu kitambaa, nikatoka bwenini mapema ili nitembee kidogo. Nyuma ya bweni, kwenye ngazi, alikuwa ameketi msichana wa darasa letu, mrefu, ambaye wote tulimwogopa kwa kuwa alitoka shule ya vipaji maalumu. Alikuwa amekumbatia magoti, meno yanagongana, na haikuwa baridi. Aliponiona akajifuta uso haraka, akasema ana mafua.

Niliketi kando yake. Nikamwonyesha mikono yangu, yote miwili, imefunguliwa, jinsi inavyong'aa kwa jasho. Aliitazama, kisha akanitazama mimi, na polepole akafungua ya kwake.